Dai Langu Kuhusu Waya Akinyi

Bahasha ilikuwa chini kabisa ya sanduku la Dani, chini ya leso zake za kanisani, na pua yangu iliijua kabla ya macho. Ilinuka omena, wale dagaa wa ziwa letu, waliokauka kwa jua zuri, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya wino wa mashine ya kudurufu ya shule yetu, wino mweusi uliotuchafua vidole kila siku ya mtihani. Tulikuwa tumemzika Dani siku nne kabla. Shangazi zangu walikuwa nje wakigawana sufuria, na mimi nilikuwa nimetumwa ndani kutoa nguo. Nguo zilingoja. Nilikaa kitandani kwake nikainusa bahasha kama mtu aliyerukwa na akili.

Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama yake Baba, mwanamke wa Muhuru Bay aliyeanika omena tangu kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkataza. Kusoma hakujua. Lakini insha yangu ya Kidato cha Pili aliihifadhi miaka yote hii, pamoja na hati tano za mtihani ule, kwenye bahasha ile ile ya kaki. Nililia pale pale na sikuona haya.

Siku hizi ninatunza majalada katika ofisi moja Homa Bay. Watu huniletea karatasi zenye mihuri na sahihi, na mimi huzitazama kwanza kwa shaka, kisha kwa shaka zaidi. Wenzangu husema nina roho ngumu. Wanakosea, ila sijisumbui kuwarekebisha. Kazi yangu naijua, naiweza, na mtu aliyenifundisha hakuwa wa chuo. Alikuwa Madam Robi wa Historia.

Madam Robi alikuwa Mkuria kutoka upande wa Isebania, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitujia tukiwa Kidato cha Pili katika shule yetu ya kutwa iliyotazama ziwa. Dholuo, lugha yetu Wajaluo, hakujua hata neno, na sisi Kikuria tulikijua kwa matusi tu, kwa hiyo darasani kwake tulibishana kwa Kiswahili ingawa mtihani wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Walimu wengine walisema anatuharibu. Sisi tulimpenda kwa sababu kipindi chake kilikuwa na kelele.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka Historia ilivyokuwa. Taja sababu tano. Eleza matokeo sita. Unakariri, unatapika, unapita, unasahau. Madam Robi akaja kutuharibia starehe hiyo. "Sababu tano ni orodha ya kwenda sokoni," alisema siku ya kwanza. "Mimi nataka dai. Dai ni moja, na lazima kuwe na mtu anayeweza kulipinga." Alitusimamisha mmoja mmoja tuseme dai kwa pumzi moja. Ukiishiwa na pumzi, limekuwa refu, anza upya. Darasa zima likiitikia kwamba ni kweli, alikuambia, "Kaa chini. Umetuambia ziwa lina maji." Lakini mtu mmoja akinung'unika nyuma kwamba si hivyo, Madam alisugua viganja kwa furaha. "Haya, sasa tuko kazini. Nionyeshe."

Nionyeshe ndilo lilikuwa neno lake. Hukuruhusiwa kusema kitu bila kuweka kidole mahali ulipokiona. Na kabla ya kuweka kidole kwenye hati yoyote ulipaswa kuiuliza: nani aliandika, alimwandikia nani, alitaka nini, na alikuwa amesimama wapi hata kitu fulani asikione. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa sijawahi kuonyeshwa kwamba mtu mzima mwenye muhuri anaweza kuulizwa maswali kama hayo. Nilitembea nikiwauliza watu wote. Mama alinifukuza jikoni mara mbili kwa siku.

Muhula wa tatu Madam alitangaza kwamba mtihani wa mwisho wa mwaka ungekuwa insha moja ya nyaraka, na kwamba hati zenyewe zingetoka kwetu, si za vita vya mbali. Alikuwa amezunguka wiki nyingi akiziomba. Akampa kila mmoja wetu bahasha yenye nakala tano na swali moja: Ni nini kiliwaondoa watu wa Wath Machon?

Wath Machon ni ufuo wa zamani, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Hapo watu wetu waliishi hadi mwaka ule ziwa lilipopanda, na sasa ni matete matupu. Hati ya kwanza ilikuwa barua ya chifu wa enzi hizo kwa mkubwa wake: leo saa sita mchana nimewasomea watu amri ya kuhama, wametii, na kufikia jioni hapana mtu. Ya pili ilikuwa picha. Watu wamesimama ndani ya maji hadi magotini, nyuma yao nyumba, mbele yao rundo la mawe. Ya tatu ilikuwa ukurasa wa daftari la mwalimu mkuu wa shule ya misheni, akilalamika kwamba wavulana wakubwa hawaji darasani, wiki ya pili sasa wanabeba mawe. Ya nne ilikuwa ramani ya mkono aliyoichora padri, yenye nyumba za mraba na viduara vidogo. Ya tano ndiyo iliyonifanya nipige kelele darasani. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha ubatizo, na mstari wake mmoja ulisema: Theresia Akinyi, mtoto wa kike, alizaliwa njiani siku watu walipohama Wath Machon.

"Huyu ni Waya!" nilisema. "Madam, huyu ni wetu!"

Waya ni shangazi, dada ya baba. Waya Akinyi alikuwa ameolewa Magunga, na hadithi ya kuzaliwa kwake Baba aliisimulia kila alipopata wageni. Baba alikuwa na duka dogo la nyavu na kamba pale ufuoni, na wateja wake wote waliijua: jinsi maji yalivyokuja alfajiri na kelele, jinsi mama yake alivyokimbia na mimba, jinsi dada yake alivyozaliwa njiani jua likichomoza, ndiyo maana akaitwa Akinyi, wa asubuhi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Kwetu jina hutosha. Otieno ni wa usiku, Achieng' ni wa jua kali. Mimi ni Adhiambo na nilizaliwa jioni kweli, mkunga mwenyewe aliniambia, kwa hiyo niliamini kwamba kila jina la Mjaluo ni saa ya ukutani.

Sasa oneni nilivyolipanga. Chifu anasema alisoma amri saa sita mchana, na baada yake watu wakahama. Kitabu cha ubatizo kinasema Akinyi alizaliwa njiani, siku hiyo hiyo. Na Akinyi ni wa asubuhi. Kwa hiyo saa sita ilipofika, watu walikuwa wameshaondoka zamani, na chifu aliwasomea amri kunguru. Nilisimama nikasema kwa pumzi moja: "Watu wa Wath Machon walikimbia maji asubuhi, na chifu alijipa sifa ya kazi iliyofanywa na ziwa." Pamela, aliyekuwa akinifuata kwa alama tangu darasa la sita, alisema aa-aa, barua ina muhuri. Nikamwambia muhuri haukuzaa mtoto njiani. Darasa lilipiga meza.

Madam Robi aliinamia ukurasa wa ubatizo. Akauliza, "Akinyi ni asubuhi? Mna hakika?" Darasa zima, wanafunzi arubaini, likajibu kwa sauti moja kwamba ni asubuhi, Madam, hata mtoto mdogo anajua. Akatingisha kichwa kwa mshangao. "Yaani jina ni hati ya sita, na ninyi mmeikalia tu." Aliichukua insha yangu ya mazoezi akaisoma Kidato cha Tatu na cha Nne. Kwa wiki mbili nilitembea shuleni kama mwenye shule.

Na nilihitaji ushindi huo. Mwisho wa mwaka huo ndipo tulipokuwa tunachagua masomo ya kuendelea nayo, na Baba alikuwa ameshanichagulia. Historia itoke, Biashara iingie, nije nimsaidie dukani nikimaliza. "Historia ni umbea wa watu waliokufa," alisema. "Utauza nini?" Nilimsumbua hadi akachoka, akanipa sharti. "Ukiwa wa kwanza kwenye mtihani wa huyo Mkuria wako, endelea nayo. Ukiwa wa pili, fomu naijaza mimi. Tumekubaliana?" Nilikubali haraka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na Waya Akinyi kwenye insha yake ila mimi.

Jumapili kabla ya mtihani nilimkuta Dani ufuoni akigeuza omena kwenye nyavu kuukuu tulizotandika kuanikia. Nilikuwa na insha mkononi na kiburi kichwani. Nikamwambia nimsomee jinsi alivyoishinda serikali. Alikubali, mradi nimfukuzie ndege huku nikisoma. Nikasoma nikimtafsiria kwa Dholuo, nikipandisha sauti mahali pazuri. Nilipofika pa mtoto kuzaliwa jua likichomoza, Dani aliacha kugeuza omena. Kisha akacheka. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Nani alikuambia asubuhi?"

"Baba. Watu wote. Na jina lenyewe, Dani."

"Baba yako alikuwa hajazaliwa. Alikuwepo wapi akaniona?" Alijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Nilijifungua jua limeinama. Wanawake walinizungushia leso zao hapo njiani, kwenye ua wa mkonge, wakisema harakisha, giza litatukuta."

"Basi mbona Akinyi?"

Dani alitazama kushoto na kulia kana kwamba padri alikuwa karibu. Mtoto alilia siku tatu, aliniambia. Alikataa kunyonya. Basi wazee wakafanya kama ilivyofanywa, wakawa wanataja majina ya waliokufa, moja moja, kuona ni nani anayetaka kuitwa. Wakataja wanaume, akalia. Wakataja wanawake, akalia. Mzee, yaani baba mkwe wake, akamtaja mkewe aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mtoto akanyamaza, akashika ziwa, akalala. "Huyo ndiye aliyerudi," Dani alisema. "Padri hakupenda mambo hayo, kwa hiyo tulimwambia ni jina tu."

"Mke wa huyo mzee ni Nyar Kadem," nilisema. Nilijua ukoo wetu vizuri. "Si Akinyi."

Nyar maana yake ni binti wa, na kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Dani mwenyewe aliitwa Nyar Gwassi na kila mtu hadi wajukuu.

"Kwani mtu huzaliwa akiwa Nyar Kadem?" Dani aliuliza. "Mama yake hakumpa jina? Mimi sikuweza kulitamka, alikuwa mama mkwe wangu, nitamwitaje kwa jina? Nilimwita mtoto, na ndani ya mtoto nikamwita yeye."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Ndege walikula omena na sikuwaona. Nilikuwa nimeisoma saa kwenye jina lisilokuwa na saa, na darasa la Wajaluo arubaini likaniunga mkono, na mtu pekee aliyeuliza kama tuna hakika alikuwa Mkuria. Nikauliza, kwa sauti ndogo sasa, kama chifu basi alisema kweli, kama waliondoka kwa sababu ya amri.

"Amri?" Dani alisonya. "Ile amri ilisomwa mara tatu, siku tatu tofauti. Watu walisikiliza, wakasema ndiyo bwana, wakarudi kubeba mawe."

"Mawe ya kuzuia maji yasiingie nyumbani."

"Nyumba zilikuwa juu, nyathina, mtoto wangu. Nyumba zilikuwa kavu hadi siku ya mwisho. Makaburi ndiyo yalikuwa mbele, upande wa ziwa." Akaanza kugeuza omena tena, polepole. "Siku ile alasiri ukuta wa mawe ulibomoka, maji yakamfunika yeye, Nyar Kadem, kaburini mwake. Mzee alisimama akatazama. Akasema, sasa tunabaki kumlinda nani? Ndiyo tukaondoka."

Jumatatu nilimngoja Madam Robi mlangoni mwa ofisi ya walimu kabla ya kengele. Nilimwambia dai langu limekufa. Nilimweleza yote, na mwishoni nilikuwa karibu kulia, kwa sababu kila nilipofikiria sharti la Baba niliona rafu za duka lake na mimi nyuma ya meza hadi uzee.

"Kwani nani anajua haya?" Madam aliuliza.

"Mimi na Dani."

"Na sasa mimi." Alivua miwani akaifuta. Nilidhani atanigombeza. "Adhiambo, mimi nilikubali haraka kwa sababu ilikuwa tamu. Hilo ni kosa langu, si lako peke yako. Sasa sikiliza. Ile insha ya asubuhi ukiiandika tena, hakuna mtu darasani atakayeipinga. Utapata alama zako."

"Lakini si kweli."

"Si kweli. Na hii ya makaburi ni kweli, lakini nionyeshe."

"Dani amesema!"

"Dani yako hayuko kwenye bahasha. Mtihani ni hati tano." Aliona uso wangu akalainisha sauti. "Yeye hajakupa ushahidi. Amekuonyesha pa kutazama. Haya, rudi ukatazame. Ukikosa, utaamua mwenyewe cha kuandika, mimi sikuamulii."

Nilirudi. Siku tatu niliziangalia zile karatasi tano hadi zikaanza kunuka omena kwa kukaa nami ufuoni, na ninakiri hapa kwamba siku ya kwanza nilikuwa nimeamua kuandika uongo. Nilitaka Historia kuliko nilivyotaka ukweli. Kisha nikaiangalia ile picha. Nilikuwa nimeitazama mara mia nikaona watu wanaokimbia mafuriko. Sasa niliona kwamba hakuna aliyebeba kitanda wala chungu. Hakuna aliyelipa ziwa kisogo. Wamesimama majini wakitazama chini, na nyumba nyuma yao ni kavu hadi kizingitini. Rundo la mawe halikuwa mlangoni kwa mtu. Lilikuwa mbele, majini. Nikakimbilia ramani. Vile viduara vidogo nilivyokuwa nimeviita maghala vyote vilikuwa upande wa ziwa, mbele ya kila nyumba, na hakuna mtu mwenye akili anayeweka ghala la mtama upande wa maji. Daftari la mwalimu mkuu lilisema wavulana walibeba mawe wiki mbili. Mtu anayekimbia hajengi ukuta wiki mbili. Na chifu hakuyaona hayo kwa sababu alisimama kwenye saa yake, akihesabu utiifu.

Vyote vilikuwa mle tangu siku ya kwanza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nimeolewa na kuzaa.

Alhamisi niliingia mtihani na bahasha yangu. Nikaandika dai, ambalo nalikumbuka neno kwa neno hata sasa: "Watu wa Wath Machon hawakuondolewa na maji wala na amri, walibaki kwa ajili ya makaburi yao, na waliondoka siku makaburi yalipozama." Kisha nikaonyesha. Hati kwa hati, kidole kwa kidole. Nilimpa chifu haki yake, kwamba saa huenda aliisema sawa lakini sababu alijichukulia. Halafu nikafanya ujinga wa mtoto mwenye dhamira safi: nikatumia ukurasa mzima na nusu kuibomoa insha yangu ya zamani, nikieleza kwa nini jina si saa, kwa sababu niliona aibu kwamba niliwahi kusema hivyo. Madam alipotangaza dakika zimekwisha, sikuwa na hitimisho. Nilikuwa na sentensi moja iliyokatika katikati.

Pamela alikuwa wa kwanza. Alitetea barua ya chifu, akamaliza vizuri, akapiga mstari chini. Mimi nilikuwa wa pili kwa alama mbili. Madam Robi aliandika pembeni kwa wino mwekundu: dai bora darasani, mwandishi hakutazama saa. Nilimwangalia nikitumaini ataniongezea alama mbili za huruma. Hakuniongezea, na kwa hilo namheshimu hadi leo, ingawa siku hiyo nilimchukia.

Nilimkuta Baba dukani akikunja nyavu. Dani alikuwa ameketi mlangoni akipumzisha magoti.

"Wa ngapi?"

"Wa pili."

Akanyoosha mkono. "Leta fomu. Tulisema nini?"

Nilimpa fomu. Alitafuta kalamu, akaipulizia miwani pumzi, na nilimwona anaweka alama kwenye Biashara. Kabla hajafika kwenye Historia kuikata, aliuliza, bila kuniangalia, "Na ile hadithi ya Akinyi si ulikuwa nayo? Ilikushindaje?"

"Sikuiandika, Baba. Si kweli."

Kalamu ilisimama. "Nani anasema si kweli?"

Nilifungua insha nikaanza kusoma. Sauti haikutetemeka, kwa sababu Madam Robi alikuwa ametufundisha kusimama. Nilisoma kuhusu mawe, kuhusu viduara, kuhusu watu wasiobeba vitanda. Nilipofika kwenye jina na yule bibi aliyelala chini ya maji, Baba aliketi juu ya fungu la kamba. Niliendelea hadi kwenye ile sentensi iliyokatika, nikakunja karatasi.

"Baba yangu alikuwa na bega bovu," alisema mwishowe. "Hakuweza kuinua mkono huu. Kila nikimuuliza alisema ni mawe. Nilidhani alifanya kazi ya barabara." Akamgeukia Dani. "Mama. Ni hivyo?"

"Ndivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Dani alisema. "Ulikuwa ukiwaambia watu, nami nilikuwa nikisikiliza."

Baba aliitazama fomu muda mrefu. Mteja alifika akitaka kamba, akaambiwa angoje. Kisha Baba akaifuta ile alama ya Biashara kwa kidole kilicholowa mate hadi karatasi ikatoboka kidogo, akaweka alama kwenye Historia, akatia sahihi kubwa. "Biashara nitakufundisha mimi hapa hapa," alinung'unika. "Na huyo Mkuria umwambie alama mbili ni nyingi." Dani alininyooshea mkono akaomba karatasi zangu. Nilimwambia hawezi kuzisoma. Akasema yeye anataka kuziweka tu, na akaziweka.

Jioni ile nilibaki naye kuanua omena, na nikamuuliza kila kitu. Niliuliza hadi akasema kinywa kimekauka. Nilifanya hivyo kila likizo kwa miaka mingi.

Nimesema niliikuta bahasha siku nne baada ya mazishi. Juzi, nikiwa kazini, Baba alinipigia simu. Amezeeka na sasa husema polepole. Alikuwa kwa fundi wa msalaba wa kaburi la Dani, na fundi anangoja maneno.

"Kitambulisho kinasema Perpetua, halafu jina la baba yangu," alisema. "Watu wote wanasema tuandike Nyar Gwassi. Lakini nimekumbuka mambo yako yale." Akakohoa. "Adhiambo. Mama aliitwa nani kwao, kabla hajaolewa?"

"Awuor," nilisema.

Nilisikia nyundo ya fundi nyuma yake. "Awuor," akarudia, akilionja. Lilikuwa jina la mama yake na alikuwa analitamka kwa mara ya kwanza. "Kwa hivyo alizaliwa usiku wa manane."

"Hapana, Baba. Alizaliwa saa nne asubuhi, watu wakitoka shambani. Awuor alikuwa shangazi ya baba yake."

"Una hakika?"

"Nilimuuliza."